Nilivyopata mita ya mtumba kwa shilingi 27,000

Nilipoingia mwaka wa pili wa stashahada ya elektroniki jijini Dar es Salaam, karakana ya chuo ilikuwa na mita za kupimia umeme (multimita) chache kuliko wanafunzi, na aliyetaka kupima kitu baada ya saa za masomo alilazimika kuazima. Mwenzangu wa bwenini alikuwa na ile mita ndogo ya manjano inayofahamika kwa namba DT-830, nami niliitumia wiki nzima bila kujua kwamba inanidanganya. Nilikuwa naunda saketi ya kushusha volti 12 kuwa volti 5 kwa reguleta ya 7805, na kila nilipopima upande wa kutokea nilisoma 5.9. Nikaing'oa reguleta na kuweka nyingine, ikasoma vilevile. Nikaing'oa na ya pili, safari hii pamoja na kipande cha njia ya shaba kilichobanduka kwenye bodi kwa joto la pasi ya kulehemu.

Kosa lilikuwa kwenye betri ya mita yenyewe. Mita za aina hiyo hulinganisha umeme unaopimwa na kiwango cha rejea kinachotokana na betri yake ya volti 9. Betri ikichoka na kufikia kama volti 7 au chini ya hapo, kiwango hicho nacho huporomoka, na namba inayoonekana kwenye kioo huwa kubwa kuliko hali halisi. Reguleta zote mbili zilikuwa nzima.

Nilikuwa na shilingi 40,000 za kununulia mita yangu. Kwa fedha hizo ningeweza kupata ya manjano mpya Kariakoo na chenji ikabaki, lakini baada ya yaliyonipata sikuitaka tena, na mpya za kampuni zenye sifa zilikuwa mbali na uwezo wangu. Siku za Jumamosi nilikuwa nikimsaidia fundi redio mmoja wa Ilala, mzee ambaye hadi leo anatumia mita ya Fluke 77, modeli iliyoanza kuuzwa mwaka 1983. Nilipomweleza shida yangu alisema nitafute ya mtumba iliyotengenezwa vizuri, ila nisiende mikono mitupu. "Ukimwachia muuzaji akupimie, mwanangu, atagusanisha nyaya mbili mita ilie, basi, biashara imekwisha. Hata mbovu hulia."

Kwa hiyo nilitayarisha kopo la peremende. Ndani yake niliweka betri mpya ya volti 9 na mbili za volti 1.5, resista (vipande vinavyokinza umeme) tatu za omu 100, kiloomu 10 na megaomu 1, zote zenye kosa lisilozidi asilimia 1, na dayodi moja ya 1N4007, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Kabla ya kutoka chuoni nilivipima vitu hivyo kwa mita kubwa ya mezani ya maabara na kuandika majibu kwenye kikaratasi nilichokibandika ndani ya kifuniko. Resista ya megaomu 1 ndiyo iliyonisaidia kuliko zote, kwa kuwa mita nyingi zilizochoka husoma vizuri ukinzani mdogo na kuanza kubabaika kwenye ule mkubwa. Ila ukiishika ncha zote mbili kwa vidole unapima na mwili wako, na muuzaji atakuwa na haki ya kukucheka.

Mita ya kwanza niliyoiona Gerezani ilikuwa ya mshale. Mafundi wa zamani wanazipenda, na mimi pia navutiwa na kile kioo kidogo kilicho nyuma ya mshale, kinachokusaidia kusoma ukiwa umeangalia wima. Niliweka betri zangu, nikagusanisha nyaya na kuzungusha kitufe cha sifuri. Mshale ulipanda vizuri, ukakwama katikati, kisha ukaruka. Niliirudisha. Ya pili, karibu na soko la Karume, ilikuwa ya kidijitali na ilipita majaribio yote ya vitu vya kopo langu. Nilimwomba muuzaji bisibisi tufungue mgongo, akasita kidogo, kisha akanipa. Mahali pa fyuzi palikuwa na nyuzi tatu za shaba zilizosokotwa pamoja. Hapo hata bei sikuuliza.

Niliyoinunua niliipata wiki iliyofuata, Gerezani tena, chini ya rundo la chaja za simu. Fyuzi yake ndogo ilikuwa ya asili na vishikio vya betri havikuwa na kutu. Kioo ndicho kilichoifanya isinunuliwe, kwa sababu tarakimu ya mwisho ilipoteza mstari wa katikati na 8 ikawa inasomeka kama 0. Betri yangu ya volti 1.5, ambayo maabara iliisoma 1.58, hapa ilionekana 1.50.

"Dogo, hiyo elfu arobaini na tano, mali ya Ulaya hiyo," muuzaji alisema.

"Kaka, mita isiyojua nane na sifuri nitaifanyia nini?"

Tulivutana hadi 27,000. Sikumwambia kwamba tatizo hilo mara nyingi si la kioo. Kati ya kioo na bodi hukaa kipande chembamba cha mpira chenye mistari myeusi inayopitisha umeme, na vumbi likiingia hapo au skrubu zikilegea, mistari ya tarakimu hupotea. Usiku huo nilifungua, nikasafisha mpira na bodi kwa pamba yenye spiriti, nikaacha vikauke, nikakaza skrubu kidogo kidogo kwa zamu. Nane ikarudi. Nyaya za kupimia zilikuwa zimepasuka ngozi karibu na vishikio, nikanunua nyingine kwa 6,000. Jumatatu, maabarani, kiloomu 10 ilisoma 9.98 na volti 5 ikasoma 5.01.

Soketi ya mita hiyo ya kupimia hadi amperi 10 nimeiziba kwa tepu nyeusi. Pembeni yake imeandikwa kwamba haina fyuzi, na waya uliosahaulika hapo ukigusishwa kwenye umeme wa nyumbani wa volti 230 ni sawa na kuunganisha nyaya mbili za ukutani kwa mkono. Wanaoniazima huuliza tepu ni ya nini, nami huwaonyesha maandishi hayo kwanza ndipo niwakabidhi.