Sevei ipi kwa nyumba ya zamani England?

Jamani mnaotafuta nyumba huku England, hili swali la sevei, yaani ukaguzi wa nyumba kabla hujainunua, naulizwa sana. Kwanza ile tathmini ya benki ya mogeji (mkopo wa nyumba) isiwazuge, ile ni ya benki wenyewe, wanaangalia tu kama nyumba inatosha kudhamini hela yao, paa likivuja shauri yako. Sevei za RICS, chama cha wakaguzi wa majengo huku, zipo leveli 1, 2 na 3, ya 3 ndiyo ya kina zaidi. Ya 1 kwa nyumba kuukuu achana nayo. Ya 2 sawa kama nyumba ni ya kawaida na iko vizuri, ila ikiwa ya enzi za Malkia Victoria, yaani 1837 hadi 1901, mi ningelipia ya 3 tu, maana kuta zake mara nyingi ni tofali tupu hazina uwazi katikati na zimejengwa kwa chokaa kama zile za Mji Mkongwe Zanzibar, sasa fundi akija kuziba na simenti unyevu unakosa pa kutokea na plasta inaanza kubanduka. Leveli 3 inakueleza tatizo limetokana na nini na linarekebishwaje. Ila umeme hawaupimi hata hapo, huo muite fundi wake. Na mkaguzi mpigie kabla hajaenda, umtajie ule ufa unaokunyima usingizi.