Kaskazi, maji ya kisima na mwasumini wangu

Nilipohamia Kigamboni niliamini adui wa bustani ni jua. Kuanzia Desemba mpaka Machi, kaskazi ikivuma na joto likipita nyuzi 30, miwaridi yangu ilikauka pembeni mwa majani kama karatasi iliyobabuka motoni. Nikaongeza maji. Asubuhi namwagilia, jioni namwagilia. Kadiri nilivyomwagilia ndivyo ilivyozidi kuungua.

Siku moja bibi wa nyumba ya pili alipita, nikamwamkia. Badala ya kuendelea na safari yake akainama, akaokota udongo kidogo shinani, akauonja kwenye ncha ya ulimi, akatema.

"Mwanangu, hapa umepanda maua au umeunga mchuzi? Chumvi tupu!"

Kisima chetu kina chumvi, kama vilivyo visima vingi karibu na bahari. Tulikuwa tunajua, maana sabuni haitoi povu, lakini sikuwahi kuhusisha sabuni na maua. Hata ule ukungu mweupe uliotanda juu ya udongo nilidhani ni masalia ya mbolea. Kumbe maji yanapokauka, chumvi inabaki palepale, nami kwa kumwagilia kidogo kidogo mara mbili kwa siku nilikuwa naongeza nyingine bila kuisukuma ishuke chini ya mizizi. Ni mbogenvilia peke yake uliokuwa unachanua ukutani bila wasiwasi. Huo ukinyimwa maji ndio kwanza unatoa maua.

Nikaacha kuhangaika na bustani, nikahangaikia paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Upande wa paa langu unaoelekea bustanini una kama mita 40 za mraba, kwa hiyo milimita 50 za vuli zinajaza tanki la lita 2,000. Nikafunga mfereji wa bati na tanki. Mvua ya kwanza naiacha ipite, ioshe vumbi na mavi ya kunguru, ambao huku hawana idadi.

Lita 2,000 si nyingi, ikabidi nibague. Maji ya mvua ni ya miwaridi, mwasumini na mlimau tu: ndoo tatu za lita 20 kila baada ya siku tatu, jua likishazama, nikimimina taratibu mpaka yazame. Kwa hesabu hiyo tanki linanifikisha siku 100, na kabla hazijaisha masika huwa yamekaribia. Nyasi za zamani niling'oa, nikapanda paspalamu, ambayo asili yake ni pwani na inavumilia maji ya kisima. Sizikati fupi tena wakati wa joto. Zikiachwa ndefu kidogo zinafunika udongo wake zenyewe.

Matandazo yaliniponza kwanza. Muuza madafu alinipa makumbi bure, nikayakatakata na kuyarundika hadi kwenye shina la mlimau, nikajiona fundi. Baada ya wiki chache mchwa walikuwa wamejenga handaki chini yake na kuguguna gome. Nusura niupoteze. Sasa natandaza unene wa vidole vinne, lakini naacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina, na kila Jumamosi nafunua kuchungulia. Chini yake udongo unakuwa na unyevu hata siku ya tatu.

Miwaridi miwili kati ya mitano haikupona. Nimeiondoa na kuweka mirehani kwenye vyungu. Mwasumini ndio unaonipa raha. Ijumaa jioni bibi humtuma mjukuu wake kuchuma maua ya kikuba, na mtoto huyo huja na kikapu kikubwa kuliko mti wenyewe.