Muuguzi na bwana mifugo wa nyumba moja

Nilizaliwa kaskazini mwa Pemba, katika Wilaya ya Micheweni, kwenye nyumba ambayo banda la ng'ombe lilikuwa karibu sana na mlango wa uani, hata usiku tukiwa kitandani tuliwasikia ng'ombe wakicheua. Katika watoto wa nyumba ile, wawili tuliingia kazi ya tiba: kaka yangu, aliyenitangulia kwa miaka minne, akawa bwana mifugo, na mimi nikawa muuguzi na mkunga. Marehemu mama alipokuwa akitutambulisha kwa wageni alisema, "Huyu ni dokta wa watu, na yule ni dokta wa ng'ombe," na kila mara sauti yake ilipanda kwangu na kushuka kwa kaka. Simlaumu, kwani ndivyo watu wengi wanavyozipima kazi hizi mbili mpaka leo. Lakini nimekaa vyumba vya matibabu miaka ya kutosha kuamini kwamba kipimo hicho si cha haki, na nina sababu zangu, kwa kuwa wapo wagonjwa wangu waliopona kwa swali ambalo mimi sikulijua na kaka yangu alilijua.

Wa kwanza ninayemkumbuka ni mkulima mmoja wa makamo, aliyekuja kituoni mara tatu ndani ya miezi miwili. Alikuwa na homa iliyompanda jioni na kumwacha alfajiri shuka limelowa jasho, pamoja na maumivu ya kiuno na magoti, na uchovu uliomshinda hata kushika jembe. Kila mara tulimchoma kidole tukampima malaria, na kila mara kipimo kilionyesha kwamba hana. Malaria imepungua sana Visiwani, lakini mazoea yetu ya kuitafuta katika kila homa hayajapungua, na tulipoikosa tulimpa vidonge vya maumivu tukamrudisha nyumbani. Jioni ya mara ya tatu nilimsimulia kaka habari zile bila ya kumtaja mtu, tukiwa tunakunywa chai. Aliweka kikombe chini akaniuliza, "Anafuga?" Sikujua. "Anakunywa maziwa mabichi? Ng'ombe wake wametupa mimba mwaka huu?" Hayo pia sikuyajua, wala haikuwahi kunipitikia kwamba mimba ya ng'ombe inaweza kunihusu.

Mgonjwa aliporudi nilimwuliza, na majibu yote yalikuwa ndiyo. Ng'ombe wake wawili walikuwa wametupa mimba zilizokwisha kuwa kubwa, na wa pili kondo la nyuma lilipokwama, yeye mwenyewe ndiye aliyelivuta kwa mikono mitupu. Maziwa aliyanywa asubuhi bandani, yakiwa bado na joto la kiwele. Tulimpeleka akapimwe brusela, ugonjwa wa mifugo unaoweza kumwingia mtu, na ikaonekana. Alipewa antibayotiki mbili za kutumiwa pamoja kwa wiki 6, na mwishoni mwa wiki ya pili alikuja kunionyesha kwamba anaweza kuchuchumaa. Kwa idhini yake kaka alikwenda kuwachukua damu ng'ombe waliobaki, akakaa na mke wake na watoto kuwaeleza kwamba ng'ombe mwenye vijidudu vile huweza kuonekana mzima kabisa, na kwamba maziwa yakichemshwa hatari hiyo huondoka.

Baadaye nilisoma habari za ugonjwa huo, na kisa chake kilinigusa. David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, ndiye aliyeviona vijidudu vyake mwaka 1887 kisiwani Malta, katika wengu za askari waliokufa kwa homa, na brusela imepata jina kutokana na jina lake. Hata hivyo, ilipita miaka 18 kabla ya daktari wa Malta, Themistocles Zammit, kuwapima mbuzi mwaka 1905 na kukuta kwamba wao ndio waliokuwa na maradhi, nao hawakuonekana wagonjwa. Muda wote huo watu walikuwa wakinywa maziwa yao, na wagonjwa wengine hospitalini walipewa maziwa hayo hayo ili wapate nguvu. Madaktari wale hawakukosa akili wala bidii, bali walimtazama mtu peke yake. Miezi yangu miwili na mkulima yule ni kosa hilo hilo katika kipimo kidogo.

Bruce huyo huyo alitumwa Zululand, huko Afrika Kusini, na mwaka 1895 akaonyesha kwamba nagana ya ng'ombe inatokana na kijidudu cha damu kinachobebwa na mbung'o. Wenzetu wa Unguja waliokuwa wakifuga karibu na msitu wa Jozani waliijua vizuri nagana, kwani ng'ombe alikonda, akakatika maziwa, akafa mbele ya macho yao. Kuanzia mwaka 1994, madume wa mbung'o waliolelewa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi walimwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, zaidi ya milioni 8 kwa jumla. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani mwake, hivyo akimpata dume tasa uzazi wake umekwisha. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa Septemba 1996, na mwaka uliofuata Unguja ikatangazwa kuwa haina tena mdudu huyo. Kaka huielezea kazi ile kwa fahari ya mtu ambaye alikuwa amesimama palepale, ingawa wakati huo alikuwa bado mwanafunzi, na mimi humwacha aieleze mara nyingi apendavyo.

Lakini kilichonifanya niandike leo ni mbwa. Ilikuwa mwaka 2017, siku ya Ijumaa, watu wakiwa wanatoka msikitini, nilipoletewa mtoto wa kiume wa miaka sita aliyeumwa na mbwa kwenye kiganja cha mkono wa kulia. Bibi yake alikuwa amekwisha kuliosha jeraha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa kujitoharisha na ute wa mbwa. Nilimshukuru kwa maji yote yale, kwa sababu kila tone lilikuwa na faida, kisha nikamweleza taratibu kwamba udongo uliobaki ndani ya nyama inatulazimu tuutoe. Niliushika mkono wa mtoto chini ya bomba, nikausugua kwa sabuni kwa dakika 15 nikiitazama saa ya ukutani, na dakika 15 ni ndefu sana mtoto anapolia. Ilipofika ya nane alichoka kulia, akaanza kunisaidia kuhesabu. Povu lilitoka la rangi ya udongo, kisha la rangi ya damu, kisha jeupe.

Sabuni ile si jambo dogo. Virusi vya kichaa cha mbwa huingia kwenye kidonda, hufuata mishipa ya fahamu kidogo kidogo kuelekea kwenye ubongo, na vikishafika na dalili zikajitokeza, ni nadra mno mtu kuokoka. Kati ya siku ya kuumwa na siku ya dalili kuna muda, na kazi yetu yote imo katika muda huo: kuosha, kisha chanjo. Chanjo kituoni kwetu haikuwapo. Nilimchukua mtoto na bibi yake kwa daladala mpaka hospitali moja ambayo sitaitaja, na huko dirishani tukaambiwa imekwisha, turudi Jumatatu. Hakuna aliyeuliza mbwa yuko wapi. Hakuna aliyempigia mtu simu. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini nikimpakata mtoto wa watu, na nakiri kwamba kwa muda mfupi nilifikiri kweli kusubiri mpaka Jumatatu, kwa kuwa ndivyo nilivyozoea kuambiwa.

Kaka alikuwa na swali lake lile lile. Nilipompigia simu alisema, "Usiondoke hapo, mimi nakwenda kumtazama mbwa." Mbwa anayeweza kufungwa na kutazamwa kwa siku 10, akabaki mzima, hakuwa na virusi mateni siku alipouma, na habari hiyo peke yake humtuliza mzazi. Huyu hakuwa wa kutazamwa. Walimkuta, yeye na sheha, chini ya mwembe nyuma ya skuli, taya limelegea, ute unaning'inia, ameinamia maji asiweze kuyanywa. Walimwua, na kaka akiwa amevaa glavu na buti akachukua kichwa kwa ajili ya maabara. Kisha alinipigia kunieleza alichokiona, na baada ya hapo akawapigia wenzake wa kazi ya kichaa cha mbwa mmoja baada ya mmoja, mpaka akapata mahali penye chanjo. Ilifika magharibi, kwa pikipiki, ndani ya sanduku la barafu. Sindano ya kwanza niliisimamia mwenyewe, na nyingine zikafuata kwa tarehe zake bila ya kukosa hata moja. Majibu ya maabara yalipokuja, yalithibitisha kwamba mbwa yule alikuwa na kichaa.

Nitasema wazi kwa nini mbwa yule alikuwapo. Kuanzia mwaka 2010 Pemba ilikuwa ikichanja mbwa, mwanzo kwa kusuasua na baadaye kila mwaka kisiwa kizima, na kufikia Mei 2014 maambukizi yote yaliyokuwa yakizunguka hapa yalikuwa yamekatika. Kisha chanjo ikalegea. Mwishoni mwa mwaka 2016 virusi viliingia tena kutoka nje, mara mbili, vikakuta mbwa wasio na kinga, na ugonjwa ukaenea mpaka chanjo ya kisiwa kizima iliporudishwa na kuukata tena Oktoba 2018. Dawa ya mtoto yule ilitakiwa iwe imekwisha kuingia shingoni mwa mbwa kabla hawajakutana. Sindano ya mbwa ni rahisi kuliko mfululizo wa sindano za mtu, na inatosha kuchanja takriban asilimia 70 ya mbwa ili ugonjwa ukose njia ya kupita. Mbwa wa kwetu wengi ni wa wasasi, wanaofukuza nguruwe wanaochimba mihogo, na wana wenyewe wanaojulikana kwa majina. Si kweli kwamba hawashikiki.

Anayewashika ni nani? Ni kaka na wenzake, ambao mafuta ya pikipiki mara nyingi hutoka mifukoni mwao, na ambao siku ya chanjo hurudi nyumbani na nguo zilizojaa ute wa mbwa hamsini, wakazitoharisha inavyotakiwa kabla ya kuisimamia sala. Sijawahi kuona mtu akimletea kaka kuku au mkungu wa ndizi kwa kumshukuru kwa mtoto ambaye hakuumwa. Mimi huletewa.

Usiku mmoja nilifuatana naye kwa jirani, ng'ombe alikuwa ameshindwa kuzaa. Nilimulika tochi. Alijipaka sabuni mpaka begani, akavaa glavu ndefu, jozi ya mwisho aliyokuwa nayo, akasema Bismillahi, akaingiza mkono akiwa amefumba macho. "Ametanguliza mkia," alisema. Nilielewa mara moja, kwani mtoto anayetanguliza matako nimempokea mara kadhaa, na mikono yangu ilijua kinachofanywa na mkono wake: kumrudisha ndama mbele taratibu, kungoja uchungu upite, kuutafuta ukwato, kuifunika ncha yake kwa kiganja ili isichane tumbo, kisha kuuvuta mguu wa kwanza, halafu wa pili. Ilichukua saa nzima. Ndama alitoka amelegea. Kaka akamsafisha pua kwa vidole, akamchokoa ndani ya pua kwa unyasi mpaka akapiga chafya. Nilijikuta nikiangalia saa, kama tunavyofanya kwa mtoto mchanga, ili niandike muda wa kuzaliwa.

Tangu mkulima yule wa brusela, katika daftari la wagonjwa nimechora kwa rula safu moja ambayo haikupigwa chapa, na juu yake nimeandika "Mnyama". Humo naandika kama mgonjwa anafuga, anafuga nini, na kama mnyama wake ni mzima. Wenzangu wa zamu mwanzoni waliiacha tupu. Siku hizi wanaijaza, na kila Alhamisi jioni mimi na kaka huipitia pamoja, majina nikiyafunika kwa karatasi, yeye akiandika shehia ambazo atakwenda.

Katika siku ya mwisho ya kuchanja mbwa shehiani kwetu nilikuwa nimeombwa kukaa mezani kuandika kadi. Foleni ilikuwa ya wasasi watupu, isipokuwa kijana mmoja ambaye sauti yake sasa imeanza kuvunjika, amemfunga kamba mbwa wa ami yake na kumshikilia kwa nguvu kwa mkono wa kulia. Kovu la kiganjani halikuonekana, kwa kuwa kamba ilikuwa imelifunika. Kaka aliinama, akamwambia, "Mshike kichwa, usimwachie," akamdunga mbwa sindano. Mimi nikaandika kadi na kumwita anayefuata.