Tunatazama kijivu tu

Leo maabara tumeshinda mbele ya kioo cha skrini, kijivu kitupu, tukipima chipu inayokiendesha. Mtu akipita anadhani hatuna kazi.

Kijivu ndicho kinachoumbua. Kioo cha Full HD kina pikseli 1920 kwa upana, kila moja na nyekundu, kijani na bluu yake, kwa hiyo safu 5760, na kila safu ina njia yake ya volti. Njia moja ikizidi jirani yake kwa milivolti chache tu, unaona mstari wa wima. Ukiweka mechi ya mpira huuoni; weka kijivu cha kati, huo hapo.

Ndani ya chipu kuna kigeuzi kinachogeuza namba ya rangi kuwa volti. Cha biti 8 hakina maneno: mnyororo wa rezista unatoa ngazi 256 za volti, swichi zinachagua moja. Biti 10 ni 1024, na swichi za kila safu zinaongezeka karibu mara 4. Chipu inanenepa, watu wa bei wananuna. Ndiyo maana mnyororo unaachwa mfupi, kisha ampilifaya ya mwisho inachanganya volti mbili jirani kupata za katikati.

Ujanja ninaoupenda mimi ni huu: ampilifaya haikosi kasoro, basi unabadilishanisha miguu yake miwili ya kuingizia kila fremu, yaani kila picha mpya kwenye kioo. Fremu hii volti inazidi kidogo, inayofuata inapungua kiasi kilekile, jicho linapata wastani. Tulipouwasha mchana, mwenzangu alisogeza pua hadi kwenye kioo kuutafuta mstari.

Kesho chipu inaingia kwenye oveni, nyuzi 85. Huko ndiko wengi hurudi wameinamisha kichwa.