Nilivyomkatia dogo waya wa gitaa njiani Mafinga

Nauli niliambiwa ni ya semi lakshari nikalipa bila kubisha, kumbe kiti chenyewe hakilali na sehemu ya kuchajia simu ipo ya kuangalia tu. Dar mpaka Iringa sina cha kusimulia, nililala. Pale Kitonga mama mmoja aliniamsha kwa kusali kwa sauti, kwenye kula tukapewa dakika kumi, chips kavu na paja la kuku elfu nane, choo hela yake pembeni. Basi.

Balaa lilianza tumeshaipita Mafinga, saa moja usiku, Nyololo bado. Feni beliti ikakatika. Konda akasema "dakika ishirini tu wapendwa", tukakaa masaa manne. Mwezi wa saba hapo, Mufindi, mimi nina tisheti. Kulia miti ya paini, kushoto miti ya paini, na baridi unaisikia mpaka kwenye meno.

Watu wakawasha moto kwa vipande vya mbao, kule mbao hazikosekani. Ndipo akatokea dogo mmoja wa siti za nyuma, "kamwene, kamwene" kwa kila mtu, akakaa na gitaa lake. Limechubuka hilo, kuna sehemu limezibwa na gundi ya mbao. Akapitisha kidole mara moja tu kwenye nyuzi na mimi nikasikia halijatyuniwa kabisa, nyuzi hazipatani.

Sasa mimi Tukuyu nilipigaga gitaa kwaya miaka sita, nikajifanya mwalimu. Nikamwambia lete hapa mdogo wangu nikurekebishie. Akasita, akasema kaka hilo liko sawa, nikamjibu halipo sawa, nikalichukua. Nikaanza kukaza uzi wa tatu, ukakubali. Nikaja wa kwanza, ule mwembamba wenye kutu, nakaza nasikiliza, nakaza, pwaa! ukanichapa shavuni. Watu wote kimya. Yule mama wa Kitonga akasema, "Baba, si alikwambia liko sawa?"

Dogo hakufoka. Akanyoosha mkono wa kushoto kwenye mwanga wa moto, kidole cha mwisho na kinachofuata hakuna, vilibaki kwenye msumeno wa mbao alipokuwa kibarua. Akasema zile kodi za watu wenye vidole vitano, ile mishiko ya kubana nyuzi kadhaa kwa pamoja, hawezi kuzishika, ndo maana analegeza nyuzi mpaka ukilipiga bila kushika popote linatoa kodi yenyewe, halafu kazi yake ni kulaza kidole kimoja na kupanda nacho juu chini. Alianzia na galatoni, gitaa la kujitengenezea la dumu la mafuta, akichunga ng'ombe wa baba yake, nyuzi waya za breki za baiskeli, sasa hivi anapiga harusi na vilabu vya ulanzi, anatunga mwenyewe, Kihehe na Kiswahili humo humo, gitaa anachomeka kwenye spika na mwenzake anapiga ngoma.

Kwa aibu nikaanza kumsimulia Joni Mitchell, maana kisa ni hicho hicho. Mama wa Kanada, kazaliwa 1943, kakulia vimji vya Saskatchewan. Dogo akauliza huko kukoje, nikamwambia tambarare kama Usangu ila weka ngano badala ya mpunga, na baridi ya hapa mbele ya baridi ya kwao haifui dafu. Ana miaka tisa polio ikampata, mkono wa kushoto ukabaki dhaifu, alipokuja kupiga gitaa na yeye akalegeza nyuzi kivyake, tyuning zake zinapita 50. Wanamuziki wakubwa walikuwa wanamsikiliza hawajui kashika wapi. 1971 akatoa albamu ya Blue, mpaka leo watu wanaililia.

"Bado anapiga?" Nikamwambia 2015 alipata tatizo kwenye ubongo, hata kutembea akaanza upya, gitaa akajifunza tena kwa kuangalia video zake mwenyewe aone vidole vilikuwa vinakaa wapi, na 2022 akapanda jukwaani Newport, Marekani, na miaka 78. Dogo akacheka, "Sasa mimi nani atanichukua video?" Nikamchukua moja, giza tupu, ila sauti ipo. Akarudisha ule uzi wa tatu alivyoutaka akapiga na nyuzi tano, na aisee, mpaka konda akaacha kudanganya watu kwenye simu.

Nilikaa nawaza kwetu. Mwalimu wetu wa kwaya ukishika kodi tofauti na yake ni fimbo ya vidole, na mimi nilikuwa hodari wa kushika sawasawa, ndo maana sijawahi kutunga hata wimbo mmoja. Gitaa langu liko stoo kwa mama juu ya mikungu ya ndizi, nahisi panya wameshazaliana humo.

Fundi akaja saa nne na nusu. Ndani ya basi dogo akanifuata taratibu, "Kaka, ule waya ni elfu kumi." Waya mmoja! Nikaomba tano akatingisha kichwa kwa heshima zote, nikatoa kumi, ningesema nini na shavu langu lina alama.

Makambako akashuka. Akafungua begi pale stendi atoe sweta, na chini ya sweta nikaona kwa macho yangu pakiti ya nyuzi mpya, haijafunguliwa hata nailoni. Akaniona nimeona. Akanipungia mkono ule wa vidole vitatu, basi likaondoka.