Haya ya shemeji

Neno lenyewe ni moja tu: "Haya." Lilisemwa Jumamosi, leo Alhamisi bado linazunguka kichwani kama nzi ndani ya chupa.

Shemeji alizichukua skii mpya, vibao vya kutelezea kwenye theluji nilivyoiundia ndege yangu ndogo ya kuongozwa kwa redio, akaupiga kwa kidole ule mpira wa kunyumbuka unaovuta ncha ya mbele, akasema, "Huu mpira ni wa kiangazi, shemeji." Nikamjibu, "Mpira ni mpira, shemeji." Akasema, "Haya," akainama kufunga kamba za viatu. Angebisha ningepata pa kumshikia. "Haya" haina mpini. Tena ukiisikiliza vizuri, aibu imo ndani yake.

Skii zenyewe sizionei aibu. Ndege ina kilo 1.5. Kila skii ni sentimita 33 kwa 7, na ukiondoa ncha iliyopindwa, sentimita 6, zinabaki 27 za kukanyagia. Mbili pamoja zinaipa theluji mzigo wa gramu 4 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Ukizipunguza sana zinazama, ndege inalima badala ya kuteleza. Mbao ni tabaka mbili za plaiwudi ya milimita 1.5, zimeunganishwa kwa gundi ya epoksi juu ya kipande cha bomba na kubanwa usiku kucha. Wapo wanaochemsha plaiwudi ya milimita 3 na kuipinda. Inapindika kweli, ila ukiifungua inajirudi kidogo, na usipoiacha ikauke siku nzima gundi haishiki. Plaiwudi isiyohimili maji ndiyo kabisa, tabaka zinaachana ndani ya sufuria. Halafu msasa kwenye kingo, maana kona kali inakamata theluji na kuivuta ndege upande.

Ekseli inapita kwenye kigoda cha mbao ngumu chenye kipande cha bomba la shaba ndani, ili chuma kisiile mbao. Tundu liko sentimita 20.5 kutoka kwenye ncha, yaani 1 nyuma ya katikati ya sehemu bapa. Hapo theluji inaisukuma pua ya skii juu badala ya kuizika. Gharama yake inalipwa angani: eneo lililo mbele ya ekseli ni kubwa kuliko la nyuma, kwa hiyo upepo unaweza kuiangusha pua wakati wowote. Ndiyo maana kila skii ina vifungo vitatu. Mpira wa mbele unavuta pua juu. Mshipi wa nyuma, usionyumbuka, unaizuia isipande kupita nyuzi 3 hadi 5. Mshipi wa pili, huu wa mbele, unakaa umelegea kidogo kuidaka pua mpira ukishindwa. Huu wa tatu wengi hawaufungi, nao ndio unaookoa ndege, kwa sababu pua ikishainama hewa inaikandamiza kwa juu, na kadiri kasi inavyopanda ndivyo inavyozidi kukandamiza, hadi usukani wa mkia unazidiwa.

Wangu nilikuwa nimeufunga, ila mrefu kupita kiasi kwa sentimita 1 na nusu. Jumapili ndege iliruka ikiinamisha kichwa kama punda aliyechoka, ikatua, ncha ya kushoto ikachoma theluji, ikabinuka. Propela moja ikavunjika. Mengine ya wiki, kuhamishwa idara na harusi ya mdogo wangu, yalipita.

"Mpira ni mpira." Nani husema hivyo? Nimejaribu kulitamka kwa sauti mbalimbali, halipendezi hata moja.

Jumatatu usiku nilichukua mpira wa akiba wa sentimita 8, nikauvuta hadi 14 juu ya rula, nikaufunga huku na huku na kuuweka kwenye friza. Asubuhi nikaufungua. Haukuruka kurudi. Ulilala mezani ukiwa na sentimita 11, kisha ukaanza kujikusanya taratibu kadiri ulivyopata joto, kama jongoo anayewaza kama kuna haja. Nikacheka peke yangu jikoni hadi machozi. Mpira wa asili ukikaa baridini huku umevutwa, unaganda, haurudi wote. Kumbe ule wangu ulikuwa umevutwa saa nzima nje, ukingoja zamu yake ya kuruka. Kidole cha shemeji kiliupiga sebuleni, penye joto, ukalia kama uzi wa gitaa, na bado aliujua.

Sasa kazi ya mpira inafanywa na waya wa piano wa milimita 1, mizunguko 3 kuuzunguka ekseli, ncha moja imelala juu ya kigoda, nyingine imefungwa kwenye mguu wa ndege kwa uzi na epoksi. Uzungushe kwenye chuma kinene kidogo kuliko ekseli na uache nafasi, kwa kuwa springi ikibebeshwa inajikaza, na ikibana ekseli skii inakwama. Mwelekeo nao ni muhimu: pua ikishuka, mizunguko ijifunge, isifunguke. Kisha ijaribu nje, baada ya nusu saa ya baridi: sukuma pua chini kwa kidole, achia, irudi yenyewe hadi mshipi wa nyuma ukazike.

Nusu saa hiyo inazipoza na skii. Skii yenye joto la nyumbani inayeyusha theluji chini yake, maji yanaganda, na ndege haing'oki hata ukiipa moto wote. Chini nimepaka nta ya mshumaa na kuisugua kwa kitambaa. Betri ni kinyume chake, inakaa mfuko wa ndani wa koti hadi dakika ya kuruka. Na kitovu cha uzito kipimwe upya, kwa kuwa skii ni nzito kuliko magurudumu.

Ujumbe kwa shemeji nimeuandika. Sijautuma.

Kinachoniamsha sasa ni friji. Tangu Jumanne injini yake haizimi. Mlango unaonekana umefunga, nimeusukuma kwa goti, nimepitisha karatasi ukingoni, inashika pande zote. Usiku wa jana nimeamka mara mbili kuisikiliza.