Uvimbe wa Mama

Kabla ya safari ya Dar, sikio la kushoto la Mama lilishatiwa kila kitu: mafuta ya nazi ya vuguvugu, maji ya kitunguu, matone ya duka la dawa. Pale kwetu Chikongola, Mtwara, kila jirani alikuwa na lake. Huyu anasema nta, yule anasema upepo. Mama alichojua ni mlio usiokatika usiku kucha, na kizunguzungu cha kumshikisha ukuta.

Ubishi aliukata daktari wa masikio, kwa uma wa chuma unaolia ukigongwa. Aliugonga kwenye kiwiko, akausimamisha katikati ya paji la uso.

"Mama, unausikia upande gani?"

"Kulia."

Akanieleza: lingekuwa limezibwa na nta tu, mlio ungesikika kushoto kulikoziba. Ukihamia sikio lisiloumwa, tatizo liko sikio la ndani au kwenye mshipa wa fahamu. Mpaka leo uma ule unanishangaza kuliko mashine zote zilizofuata.

Dar alipigwa MRI, picha ya mashine ya sumaku, kwa sindano ya gadolini, dawa ya kuing'arisha picha. Ikaonekana shwanoma, uvimbe wa mshipa wa fahamu, kama punje ya mtama, ndani ya koklea yenyewe, sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti. Nyingi huota nyuma zaidi, kwenye mshipa wa usikivu na mizani ya mwili; hizi za ndani ni nadra, na dalili zake hufanana mno na ugonjwa wa Ménière, maradhi mengine ya sikio la ndani.

"Ni kansa?"

"Si kansa. Na kwa kawaida hukua polepole."

"Basi unatolewa lini?"

"Hautolewi sasa." Kuutoa kungemaliza hata usikivu uliobaki, na uliopotea haurudi. Wataupiga picha tena baadaye. Ukikua kuelekea ubongo, au kizunguzungu kikizidi, ndipo upasuaji utazungumzwa.

Tuliporudi, Mjomba alikuja jioni ileile.

"Nauli yote hiyo, mnaambiwa msubiri?"

Alitaka kisu, au walau cheti cha dawa. Nikamweleza habari za picha na koklea, nikaona hazimwingii. Kwake, hospitali isiyokupa kitu mkononi haijakutibu.

"Kaka," Mama akasema, "kichwa ni changu."

Mjomba akaanza upya. Mama akainuka na kigoda chake, akaenda kuketi kuumeni kwa kaka yake, sikio la kushoto likimwelekea, akaendelea kuchambua mchele huku akiitikia "ehee" kila baada ya muda.